MAONI BAADA YA HABARI: MEYA WA KAMPALA NA ASKARI WA ZAMU MLANGONI



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mtu mmoja na cheo kimoja. Mtu huyo ni wakili Erias Lukwago, na cheo chenyewe ni cha Meya Mkuu wa Jiji la Kampala, alichochaguliwa kukishika mara tatu: mwaka 2011, mwaka 2016 na mwaka 2021. Hatumleti hapa ili tumsifu wala ili tumshutumu, kwani wenye kazi hiyo ni wengi na wanaifanya usiku na mchana. Tunamleta kwa sababu katika maisha yake yote ya siasa hapana ukurasa hata mmoja usiokuwa na askari. Kila alipopanda yupo askari, na kila alipoangushwa yupo askari. Kwa hiyo anayetaka kujua kazi ya askari inavyopakana na siasa za mji hana haja ya kwenda mbali.

Yafaa kwanza tukumbuke mji wenyewe. Kampala ilitangazwa kuwa manispaa mwaka 1949, ikapewa hadhi ya jiji mwaka 1962, mwaka wa Uhuru. Kwa vipimo vya dunia si jiji kubwa: eneo lake ni kilomita za mraba 189, na hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilikuta wakazi milioni moja na nusu hivi. Lakini kila asubuhi hushuka humo umati mwingine kutoka Wakiso, Mukono na Mpigi, na jioni umati huo hurudi kwao ukiacha taka na mitaro iliyoziba. Aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa mji huu, Serwano Kulubya, alikishika cheo hicho mwaka 1959, Waingereza wakiwa bado ndio watawala. Tangu siku zile wakazi wa Kampala wamekuwa wakimhesabu meya kuwa ni mtu wao, wa kumwendea kwa habari ya soko, ya kibanda na ya mfereji wa maji machafu.

Baadaye walikuja wengine. Nasser Sebaggala alichaguliwa mwaka 1998, akakamatwa Marekani mwaka huo huo kwa mashtaka ya udanganyifu wa fedha na kufungwa huko, kisha akarudi na kuchaguliwa tena mwaka 2006. Mzee John Ssebaana Kizito alimaliza muda wake akiwa amepita umri wa miaka sabini. Basi Lukwago alipoutaka umeya mwaka 2011, akiwa na miaka arobaini tu, alionekana kijana mbele ya watangulizi wake. Alikuwa amesoma sheria Makerere, akawa wakili, na mwaka 2006 akaingia Bungeni kwa kiti cha Kampala ya Kati. Alijulikana kwa mambo mawili: sauti isiyochoka, na tabia ya kukimbilia mahakamani kila jambo linapomshinda barazani.

Uchaguzi wake wa kwanza wenyewe ulianza kwa kasoro. Tarehe 23 Februari 2011 upigaji kura ulisimamishwa, kwani katika baadhi ya vituo zilionekana kura zilizokwisha kutiwa alama ndani ya masanduku kabla wapiga kura hawajafika. Tume ya Uchaguzi ikaufuta, na ukarudiwa tarehe 14 Machi. Lukwago alimshinda Peter Sematimba wa chama kinachotawala, akaapishwa.

Hapa ndipo inapoanza habari yenyewe, na tunaomba msikilizaji awe mvumilivu kidogo, kwa maana bila ya kuifahamu sheria hawezi kuufahamu ugomvi.

Kabla ya hapo Kampala iliongozwa na baraza la jiji, na meya alikuwa na nguvu za kweli. Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Machi 2011, iliubadili mpango huo. Mji ulitolewa katika mikono ya serikali za mitaa ukawekwa chini ya Serikali Kuu, ikaundwa Mamlaka ya Jiji Kuu, ile iitwayo KCCA. Meya Mkuu akabaki kuwa mkuu wa siasa. Lakini fedha, watumishi na saini viliwekwa mkononi mwa Mkurugenzi Mtendaji, ambaye huteuliwa na Rais. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa Bi. Jennifer Musisi, aliyetoka katika Mamlaka ya Mapato. Juu yao wote akawekwa Waziri wa Kampala.

Tazama basi hali ilivyokuwa. Mmoja alikuwa na kura za wananchi na mkufu wa umeya shingoni. Mwingine alikuwa na hundi, magari na watumishi. Kila mmoja alipoisoma sheria aliona kwamba yeye ndiye mwenye mji. Bi. Musisi alikusanya kodi kwa bidii, na mapato ya jiji yakapanda sana. Barabara zikatiwa lami, wachuuzi wakaondolewa kando ya njia. Meya naye alisimama na wachuuzi wale wale, akauliza ni kwa idhini ya baraza gani wanaondolewa. Katika masoko na vituo vya teksi ikawa leo amri hii, kesho amri ile. Wazee walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, nasi tungeongeza kuwa hapa nyasi zilikuwa za aina mbili: mchuuzi mwenye kikapu chake, na askari aliyetumwa kukichukua.

Maana ndiye aliyetumwa. Hatujapata kusikia kwamba mkurugenzi au meya alishuka mwenyewe kwenda kuvunja kibanda.

Mwezi Mei 2013 madiwani 17 walitia saini ombi kwa Waziri, wakati huo Bw. Frank Tumwebaze, wakitaka Meya aondolewe kwa madai ya kutumia cheo vibaya na kushindwa kazi. Sheria inataka liundwe baraza la uchunguzi chini ya jaji, na likaundwa, likiongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire. Mwezi Novemba lilitoa taarifa kwamba kulikuwa na sababu za kutosha za kumfikisha mbele ya madiwani. Mkutano wa kupiga kura ukaitwa tarehe 25 Novemba 2013, katika Jumba la Jiji.

Siku hiyo wakili mmoja wa upande wa Meya alifika katika jumba lile akiwa na karatasi. Ilikuwa amri ya muda iliyotolewa na msajili wa Mahakama Kuu, ikisimamisha mkutano. Polisi walikuwa wamelizingira jumba lote. Wakili yule alipigwa mbele ya macho ya watu, na ndani mkutano ukaendelea chini ya uenyekiti wa Waziri. Madiwani 29 waliunga mkono kumwondoa Meya, 3 wakakataa. Ikasemekana baadaye kwamba amri ile haikuwa imemfikia mwenye mkutano.

Ndugu wasikilizaji, tusimame hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito.

Sisi hatuna haja ya kuamua leo kama Meya alistahili kuondolewa au hakustahili. Huenda madiwani 29 walikuwa na haki kabisa. Wingi wao haukuwa mdogo. Swali letu ni dogo zaidi, nalo ni la konstebo aliyesimama mlangoni. Konstebo yule alikuwa na amri mbili. Moja ilitoka kwa mkuu wake, kwa mdomo, nayo ilisema kwamba asiingie mtu. Nyingine ilikuwa ya maandishi, yenye muhuri wa Mahakama Kuu, nayo ilisema kwamba mkutano usiendelee. Afanye nini?

Watakuja watu wakuambie kwamba askari hana swali, askari ni amri tu. Msemo huo ni mzuri uwanjani, adui anapokuwa mbele. Lakini Katiba ya mwaka 1995, ile ile tuliyoapa kuilinda, katika Ibara ya 128 inasema kwamba vyombo vyote vya dola vitazipa mahakama msaada unaohitajika ili kazi ya mahakama itimie. Haikusema vyombo vyote isipokuwa polisi. Wala askari hakutakiwa pale awe mwanasheria, apime kama msajili alikuwa na mamlaka ya kutoa amri ile au hakuwa nayo. Kilichotakiwa ni kidogo mno: kumpisha mtu mmoja mwenye karatasi, akiwa na askari wawili wa kumsindikiza, aifikishe mezani. Baada ya hapo mzigo ungekuwa wa Waziri. Waziri angeisoma, na kama angeamua kuendelea na mkutano, lawama ingekuwa yake peke yake, wala isingemgusa askari hata kidogo. Kwa kumzuia wakili nje, askari aliutwaa mzigo wa wakubwa akaubeba yeye.

Siku tatu baadaye, tarehe 28 Novemba, Jaji Yasin Nyanzi wa Mahakama Kuu alitoa amri iliyomrudishia Meya kiti chake mpaka kesi isikilizwe. Hata hivyo Lukwago alizuiwa na polisi kufika ofisini. Katika miezi iliyofuata alikuwa akitoka nyumbani kwake Wakaliga na kukutana na magari ya polisi njiani, au kuyakuta yamekwisha kumngojea langoni. Polisi walitumia kifungu cha 24 cha Sheria ya Polisi, kinachoruhusu kumkamata mtu ili kuzuia uhalifu kabla haujatendeka. Kifungu hicho kipo, nacho kina kazi yake. Ila si kamba ya kumfunga mtu mmoja nyumbani kwake wiki baada ya wiki. Ibara ya 23 ya Katiba inataka aliyekamatwa kwa shaka ya uhalifu afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili. Mwezi Machi 2014 Jaji Lydia Mugambe aliamuru Meya arudi kazini, na muda mfupi baadaye Jaji Steven Kavuma wa Mahakama ya Rufani akaisimamisha amri hiyo. Mawakili walibishana sana kama jaji mmoja peke yake angeweza kufanya hivyo. Huo ni ubishi wao. Kwa askari jambo lilikuwa wazi: mahakama ya juu ikisimamisha amri ya mahakama ya chini, hufuatwa ile ya juu. Aliyemzuia Meya siku ile baada ya amri ya Rufani alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Aliyemzuia Novemba 2013 hakuwa nayo. Wote wawili walivaa sare moja, wakasimama mahali pamoja, wakamzuia mtu yule yule, na kazi zao hazikuwa sawa hata kidogo.

Tena upo upande wa tatu, ambao katika hotuba za wanasiasa hautajwi. Mwezi Machi 2012, Lukwago na Dk. Kizza Besigye walipokuwa wakizunguka katikati ya mji kukagua kazi za jiji, kama walivyosema wao, umati ulikusanyika, ikazuka vurugu na polisi, na afisa mmoja wa polisi akapigwa kichwani kwa kitu kizito akafa. Alikuwa mtu mwenye nyumba na watu wake, ambaye asubuhi ile aliamka na kwenda zamu. Mwanasiasa anayesema kwamba anakwenda kutazama mitaro tu, hali anajua kuwa nyuma yake watafuata watu mia tano waliojaa hasira, hana budi kuijumlisha hasira ile katika hesabu yake. Serikali ilijibu kwa kuipiga marufuku jumuiya iliyokuwa ikiandaa shughuli zile. Marufuku hayakumfufua marehemu, wala hayakuzuia maandamano mengine.

Na mji je? Tangu mwisho wa 2013 hadi uchaguzi wa 2016, zaidi ya miaka miwili, Kampala haikuwa na Meya Mkuu ofisini. Tume ya Uchaguzi ilitaka kufanya uchaguzi mdogo, ikazuiwa na mahakama. Kesi ikapanda ngazi, ikashuka ngazi. Wakati huo wote madiwani walilipwa, watumishi walilipwa, na askari waliolinda ofisi tupu walilipwa. Fedha hizo ni za mchuuzi yule yule mwenye kikapu.

Iwapo shabaha ilikuwa kumsahaulisha, basi shabaha ilikosewa. Mwaka 2016 wananchi wa Kampala walimrudisha Lukwago kwa tofauti kubwa sana ya kura, na mwaka 2021 wakamrudisha tena. Mtu aliyekuwa wakili hodari na mwanasiasa wa kawaida aligeuzwa kuwa alama. Sisi tunaona kwamba kila gari la polisi lililoegeshwa langoni pake lilimpigia kampeni kuliko mabango yake yote. Bi. Musisi alijiuzulu mwishoni mwa mwaka 2018, akiandika kwamba siasa zilikuwa zimeitatiza kazi yake. Mkurugenzi akatoka, Meya akabaki, na sheria ikabaki na ufa wake ule ule hata baada ya kurekebishwa hapa na pale.

Ufa huo ulionekana vibaya kuliko wakati wote tarehe 10 Agosti 2024. Jalala la Kiteezi, lililopokea taka za jiji zima tangu miaka ya tisini, liliporomoka baada ya mvua kubwa likazifunika nyumba za watu waliokuwa wamelala. Maiti zaidi ya 30 zilifukuliwa, na wengi hawakuonekana. Wanajeshi na polisi walikuwa miongoni mwa waliochimba kwenye matope yale, na kazi yao haikupata maneno mengi kama ilivyostahili. Rais aliwafukuza kazi Mkurugenzi Mtendaji wa wakati huo, Bi. Dorothy Kisaka, na wakuu wengine, kisha wakashtakiwa mahakamani. Meya hakushtakiwa. Alisema kuwa hakuwa na mamlaka juu ya fedha wala watumishi, na kwa mujibu wa sheria alisema kweli. Lakini hebu fikirini: wananchi wanamchagua mtu mara tatu awaangalie mji wao, na siku mlima wa taka unapowaangukia, jibu lililo sahihi kisheria ni kwamba mtu huyo hahusiki.

Ndugu wasikilizaji, tangu siku ile ya Jumba la Jiji limebadilika jambo moja ambalo kila askari inampasa alijue kama anavyoijua namba yake. Ilitungwa Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019. Kabla ya hapo, raia aliyepigwa au kufungiwa bila haki alimshtaki Mwanasheria Mkuu, na hazina ya Serikali ndiyo iliyolipa. Chini ya sheria hii, mtumishi wa umma aliyevunja haki ya mtu, au aliyeshiriki kuivunja, huwajibika yeye binafsi, hata kama Serikali nayo inawajibika. Maana yake ni mshahara wake, shamba lake na nyumba aliyoanza kuijenga kijijini. Mkuu aliyetoa amri kwa simu huenda akasema hakumbuki.

Kwa hiyo, afisa anapoletewa amri ya mahakama akiwa zamu, asiikimbie wala asiichane. Aitazame kama ina muhuri, namba ya kesi na jina la mahakama iliyoitoa. Aandike katika kitabu cha matukio cha kituo saa aliyoipokea na jina la aliyeileta, kisha ampelekee mkuu wake mbele ya mashahidi. Akiwa na mashaka, msajili wa mahakama ana ofisi, na ofisi hiyo ina simu. Kazi hii haichukui hata nusu saa. Kesi ya Meya ilichukua zaidi ya miaka miwili.

Kuhusu ndugu zetu wa jeshi, Ibara ya 208 ya Katiba inataka jeshi lisiwe la chama chochote na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Wao hawakuwa wengi katika mambo ya Jumba la Jiji. Walikutana na Lukwago baadaye, naye hakuja kwao akiwa meya. Mwezi Novemba 2024 Dk. Besigye alikamatwa Nairobi, akaletwa Kampala, na tarehe 20 ya mwezi huo akasimamishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi, Makindye. Lukwago, akiwa bado Meya Mkuu, aliingia mle katika kundi la mawakili wa utetezi na kuwaambia maafisa wa jeshi kwamba hawakuwa na uwezo wa kumhukumu raia. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine iliyokuwa imefunguliwa miaka mingi nyuma, iliamua kwamba mahakama za kijeshi zilivyokuwa zimeundwa hazikuwa na mamlaka ya kuhukumu raia, na kesi za namna hiyo zihamishwe. Mwezi uliofuata Dk. Besigye alipelekwa mbele ya hakimu wa kiraia. Mwezi Mei mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria mpya ya jeshi, iliyoweka upya masharti ambayo chini yake raia aweza kufikishwa mbele ya mahakama hizo, na mawakili wakarudi tena mahakamani kuipinga.